Ng'ombe wa Mahari wa Gisubizo

Gisubizo wa mtaa wa Ndosho hakuwahi kumaliza picha. Kuna watu wanaumwa tumbo, kuna wanaoumwa kichwa. Yeye alikuwa anaumwa mkono. Akishapaka rangi anarudi nyuma, anainamisha kichwa, anasonya, halafu huyoo, anapaka juu ya ile aliyopaka. Picha uliyoisifu Jumatatu, ukiitafuta Ijumaa imeshazikwa chini ya nyingine. Na ukimuuliza kwa nini, anakukasirikia wewe.

Alizaliwa milimani Masisi katika familia ya wafugaji, vita ikawashusha Goma akiwa bado mdogo. Mjini hapakuwa na ndama wa kuchunga, palikuwa na mawe meusi ya volkano tu, basi akaenda kujifunza kazi ya vibao kwa Sikuli, fundi wa kuandika majina ya saluni na maduka ya dawa. Siku moja muuza nyama akaagiza kibao chenye ng'ombe. Gisubizo akachora ng'ombe wa kupendeza, pembe zake, kwato zake. Lakini baka jeupe la ubavuni likamkera. Akalipanua kidogo. Rangi ya kahawia nayo akaipanua ili ilingane. Baka likala miguu, likala pembe, likamalizia mkia.

"Ng'ombe yangu iko wapi?" muuza nyama akauliza.

"Si huyu hapa, papa."

"Hapa niko naona ngozi tu! Nani atakuja kununua kwangu ngozi?"

Sikuli alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akamfukuza kazi. Gisubizo akabeba kibao chake kichwani, akatembea mpaka kwao, na ajabu ni kwamba alikuwa na furaha. Mwenyewe hakujua furaha ya nini.

Tangu siku ile hakuchora tena kitu chenye kichwa na miguu. Ni rangi tu: kahawia, nyeupe, na nyeusi aliyoipata kwa kusaga mawe ya volkano na kuchuja unga wake. Watu wa mtaa wakimuuliza hii ni nini, anajibu, "Iko vile iko." Wanunuzi wachache waliompata walijifunza kuondoka na picha ikiwa mbichi, maana ukisema utarudi kesho, kesho huikuti. Mara moja alialikwa kwenye maonyesho, picha zake zikatundikwa ukutani kwa heshima. Wageni wanakunywa soda, hotuba inaendelea, na Gisubizo yuko pale mbele na burashi anarekebisha! Hakualikwa tena.

Aliyemvumilia ni Julie, mwalimu wa shule ya msingi, aliyekaa mtaa wa Mapendo na baba yake, muzee Harelimana. Walipendana, wakataka kuoana, na hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Muzee alikuwa na ng'ombe wengi Masisi na vita ikawamaliza wote. Siku hizi watu wanatoa pesa, wanaziita ng'ombe, wanapiga makofi na kula. Muzee akakataa katakata.

"Pesa haina ngozi," alisema. "Mutoto wangu hatoki hapa kama sijaona ng'ombe na macho yangu."

Ng'ombe atoke wapi, na njia za kwenda malishoni zimefungwa na mapigano? Gisubizo alizunguka mji mzima kama kuku anayetaka kutaga. Julie naye akamwambia wazi, "Mimi sitoroki. Bila baraka ya baba, hakuna ndoa."

Siku ya mahari ikafika. Baba mdogo wa Gisubizo, Jean-Bosco, ndiye aliyekuwa msemaji wa upande wa mume, mtu mwenye mdomo kushinda redio. Alipokuja kumchukua Gisubizo alimkuta mbele ya kitambaa kikubwa kilichowambwa kwenye mbao, burashi mkononi, jasho linamtoka.

"Mkono mtupu haulambwi," Jean-Bosco akasema. "Beba hiyo."

"Haijaisha, baba mudogo!"

"Imeisha leo. Na sikia vizuri: ng'ombe akishaingia kwa wakwe, wewe huna ruhusa hata ya kumufukuzia nzi."

Huko Mapendo wakaongea maneno ya desturi, wakataniana, wakanywa. Mwishowe upande wa mke ukataka kwenda kukagua ng'ombe. Jean-Bosco akakohoa, akaonyesha ile picha iliyoegemezwa kwenye ukuta wa mawe. Watu wakaangua kicheko. Shangazi mmoja akauliza kama inatoa maziwa. Gisubizo aliona aibu mpaka masikio yakamchemka.

Muzee Harelimana hakucheka. Alichukua fimbo yake, akatoka mwenyewe kukagua. Akasimama. Akasogea, akarudi nyuma, akasogea tena. Halafu akaanza kupiga mluzi taratibu, ule wa kumtuliza ng'ombe anayekamuliwa.

"Gaju wangu wa Masisi," akasema. "Bega lake ni hili. Nyeupe inashuka hivi mpaka kwenye tumbo. Huyu ndiye alikuwa anatangulia wengine kwenda ku maji." Akawageukia watu, macho yamejaa machozi. "Ng'ombe nimemuona. Muoe, mutoto wangu."

Vigelegele vikapasuka. Gisubizo hakuwahi kumwona Gaju, alikuwa amefuata mkono wake tu. Lakini miaka yote ile alikuwa anamngoja mtu mmoja asiyeuliza hii ni nini, na sasa amempata. Alifurahi sana, na aliogopa sana.

Picha ikatundikwa sebuleni kwa muzee, na kila asubuhi muzee aliisalimia kabla ya chai. Harusi ikapangwa. Gisubizo alikuja kutembea, na kila akija, chai inapoa. Lile bega! Kahawia yake ilikuwa nzito mno. Julie anaongea habari za kanisa na gauni, yeye anaitikia ndiyo, ndiyo, macho yako ukutani.

"Niangalie mimi," Julie akamwambia. "Ukuta hauolewi."

Jumapili moja Gisubizo akasingizia kuumwa kichwa, wakaenda kanisani wakamwacha pale sebuleni. Burashi na rangi vilikuwa ndani ya koti, na koti ndilo alilolivaa makusudi, tusidanganyane. Kidogo tu, akajiambia. Akalainisha bega. Bega likaenda vizuri, lakini nyeupe ikaonekana imepotea njia. Akaisogeza. Tumbo nalo likadai haki yake. Mkono ulikuwa unakimbia, na yeye anaufuata nyuma, anahema, anafurahi, Mungu amsamehe.

Muzee aliingia, akavua kofia, akafungua mdomo kusalimia. Akausogelea ukuta.

"Ameenda wapi?" akauliza.

"Yuko pale pale, muzee. Nimemutengeneza kidogo tu. Sasa ni muzuri zaidi."

"Ni muzuri, ndiyo," muzee akasema. "Lakini simujui."

 Gisubizo akanyakua tambara, akaanza kufuta ili bega la zamani lirudi, lakini maji yakimwagika hayazoleki: kahawia na nyeupe zikachanganyika, ukutani pakabaki tope. Julie alikuwa mlangoni na Biblia kifuani. "Yesu wangu, Gisu, umefanya nini?" Gisubizo akapiga magoti, akalia kwa sauti, mtu mzima.

"Acha, mutoto wangu," muzee akamwambia. "Harusi iko vile vile, neno langu sirudishi. Hata kule Masisi ilikuwa hivi. Niligeuka kidogo tu kufunga ndama. Kuangalia tena, ng'ombe hawako."

Akamwomba Julie chai. Kisha akageuza kiti chake, akakaa akiupa ukuta mgongo.