Maneno Yaliyoiva Juani

Chwaaa. Ndivyo jani la mgomba linavyolia likichanwa kutoka kwenye uti wake, na mpaka leo nikiisikia sauti hiyo, harufu ya utomvu na umande wa asubuhi inanijia yenyewe, nikiwa popote. Nyumbani kwetu, kwenye vilima vya juu ya mji wa Laare, sauti hiyo ndiyo iliyotuamsha. Baba na kaka yangu Mutwiri walikuwa wameshaingia shambani kuchuma miraa, kwa maana kwetu mwanamke hapandi juu ya mti wa miraa. Kazi ya Mama, dada yangu Kendi na mimi ilikuwa majani. Tuliyakata, tukayapangusa umande na kuyalaza kivulini, yangoje kufungia miraa isinyauke njiani.

Mwaka huo nilikuwa sijaanza shule, na nilitaka kujua kusoma kuliko nilivyotaka sukari kwenye uji. Kitabu cha hadithi nyumbani kilikuwa kimoja tu, hakina jalada, na kilikuwa cha Mutwiri. Nikikisogelea tu, ananiangalia vidole vilivyojaa utomvu na kulichezea jina langu, ambalo kwetu maana yake ni mwenye furaha. "We Makena, kucheka unajua. Kusoma waachie wenye mikono safi."

Kendi ndiye aliyenihurumia. Alikuwa amepata nafasi ya sekondari ya bweni huko Embu, na shule zikifunguliwa angeondoka. Asubuhi moja alichuma mwiba wa mlimau, akakwaruza kitu kwenye kipande cha jani, akanipa. Sikuona chochote. "Ngoja," akasema. Nikangoja. Jua lilipopanda, mistari ya rangi ya kahawia ikaanza kujitokeza, moja baada ya nyingine, kama mtu anayetoka kwenye ukungu. MAMA. Nilipiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Tangu siku hiyo kila asubuhi niliandikiwa neno langu. Nikilisoma kabla ya saa za kufunga miraa, jani ni langu. Nikishindwa, linafungiwa miraa na kwenda zake na watu nisiowajua. Mengi yalienda, na kila lilipoenda moja nilihesabu siku za Kendi kwa vidole. Nani angeniandikia akishaondoka? Mutwiri?

Kwa kuwa nilijifunzia kwenye majani, niliamini kila karatasi tupu ina maneno ndani yake, yanangoja tu kuiva. Jumapili moja kanisani nilikuta ukurasa mtupu mwishoni mwa kitabu cha nyimbo cha Mama. Nikakifungua dirishani, pale jua lilipoingia, nikakikodolea macho mahubiri yote. "Makena," Mama akaninong'oneza, "unaanika kitabu kama maharagwe?" Mutwiri alicheka mpaka akatolewa nje. Kendi alinieleza njiani kwamba karatasi haisemi mpaka mtu aiandike. Nilimwitikia, ila moyoni nilibaki na shaka kidogo.

Siku ya Kendi kuondoka, mnunuzi wa miraa alikubali kumchukua kwenye pikapu yake mpaka mji wa Maua, ambako angepanda gari la kwenda mbele. Sanduku likapakiwa. Kendi akanionyesha jani kubwa, zima, alilolilaza juu ya ghala. "La mwisho," akasema. "Ni refu. Usiliharakishe." Nikakaa chini yake kama anayelinda mahindi. Lakini mnunuzi alikuwa na haraka siku hiyo, na majani ya kufungia yakapungua kwa moja. Nilipogeuka kumwangalia Kendi akipanda pikapu, Mutwiri alishalichukua, na Baba alishalitandaza na kuweka miraa juu yake.

"Hilo ni langu!"

"Jani ni jani, mwanangu," Baba akasema, mikono ikiendelea. "Miraa ikinyauka tutakula nini?"

"Lina maneno ya Kendi!"

Mnunuzi akapiga honi. Baba akaanza kukunja. Machozi yalinijaa, lakini niliona pembeni ya jani mistari imeshaanza kukolea, basi nikasoma kwa sauti, upesi, kabla haijafunikwa. "Ma-ke-na. Da-fta-ri..." Mikono ya Baba ikasimama. Baba yangu hakujua hata herufi moja. Alinitazama, akalitazama jani, kama mtu aliyesikia jiwe likiongea. Kisha akaisogeza miraa kando, kidogo kidogo. Honi ikalia tena.

"Ngoja kwanza!" Baba akamwambia mnunuzi. "Mtoto anasoma."

Watu wote wakasogea karibu, hata Mutwiri. Maneno ya mwisho hayakuwa yamekolea vizuri, nikayafuata kwa kidole. "Daftari ni lako. Liko chini ya mto wangu." Ndani ya pikapu Kendi aligeuza uso upande wa pili, akajifuta kwa kitambaa cha kichwa. Baba akafunga miraa kwa jani lile lile, polepole, maandishi yakiwa nje, na gari likaondoka navyo vyote viwili, dada yangu na jani langu.

Siku hizi nauza ndizi katika soko la Gakoromone. Shule niliishia darasa la nane, ila bado naota kuwa nitaandika kitabu, na wateja wananicheka, nami nacheka nao. Kendi ni mwalimu mbali na hapa. Ujumbe wake unaingia kwenye simu ukiwa umeiva tayari, nausoma nikiwa nahesabu chenji. Nafurahi, kwa nini nisifurahi? Ila hakuna tena ule muda wa kukaa nikijiuliza ni herufi gani itakayotokea sasa.

Lakini mchana ule Kendi alipoondoka, wengine waliporudi shambani, niliingia chumbani peke yangu nikaliinua daftari. Kurasa za mbele zilikuwa na hesabu za Kendi, za nyuma zilikuwa tupu. Nikalitoa nje, nikaliweka juani kidogo, huenda Kendi alikosea. Hakikutokea kitu. Basi nikachukua kipande cha penseli, nikanawa mikono mara mbili, nikaandika: KENDI.