Wepukhulu alivuta kamba mara tatu, mkewe akasimama kama askari

Jua la Langas, mtaa wa Eldoret, bado halijapata nguvu, na Antony Wepukhulu ameketi kwenye ukingo wa shimo, miguu ikining'inia ndani. Gambuti zake, viatu virefu vya mpira, ni safi. Mchimba visima kuwa na gambuti safi saa mbili asubuhi si dalili nzuri.

Shimo lina kina cha futi kumi na tisa. Alilichimba mwenyewe kabla hajaumia, kisha akaliacha hapo. Maji hayajaonekana.

Nyuma yake, mkewe Mideva amesimama kwenye gogo la kuzungushia kamba, mikono miwili kwenye mpini. Anayeongea ni mwenye ploti, Mama Nduta.

"Baba Nabwire, hilo shimo unalichimba ama unaliombea?" anauliza kutoka mlangoni, sufuria mkononi. "Wapangaji wangu wananunua maji ya mkokoteni kila siku. Hii ni wiki ya saba!"

"Nashuka, Mama Nduta."

"Hata jana ulisema hivyo."

Hashuki. Anatazama chini, halafu anageuka kumtazama aliyeshika kamba. Shida iko hapo. Wepukhulu haogopi kina, wala giza, wala nyoka. Anaogopa kwamba akiwa chini atavuta kamba na kusiwe na anayejibu. Imeshamtokea mara moja, na aliyeshika kamba siku hiyo ndiye huyu aliyeishika leo.

Wepukhulu ana miaka arobaini na sita. Alitoka upande wa Bungoma akiwa kijana, akabeba mawe, akachoma matofali, mwishowe akaingia ardhini. Amechimba visima na vyoo kwa miaka kumi na saba. Visima peke yake ni sitini na tatu, na anavikumbuka kwa majina ya wenye ploti. Analipwa kwa futi: shilingi mia nne udongo ukiwa laini, mia tisa akigonga mwamba.

Kazi hii ina sheria moja kubwa. Kamba ikivutwa mara moja kutoka chini, ndoo imejaa. Ikivutwa mara tatu, mtoe mtu.

"Tatu haina swali," anamwambia mgeni aliyekuja na daftari kuandika habari zao. "Huulizi ni nini, huangalii uko na nani. Hata kama ulikuwa unakunywa chai, unaimwaga, unavuta."

Mideva ameshika kamba hiyo kwa miaka tisa. Mwanzoni wachimbaji wengine walimcheka Wepukhulu.

"Waliniuliza, wewe Wepukhulu, maisha yako umeyaweka kwa mkono wa bibi? Nikawaambia, kwani nyinyi yenu mmeweka kwa nani?"

Basi mapema mwaka huu watu wa filamu wakafika Kaptagat, nje ya Eldoret. Walikuwa wanatengeneza hadithi ya siku zijazo, nchi ambayo mvua imekwisha na maji yote yako mikononi mwa mtu mmoja. Wanamwita Mkubwa. Anayeiba maji hutupwa shimoni, na Mkubwa hupita juu yake akienda zake.

Wakatafuta mtu wa kuchimba shimo hilo. Mtu wa duka la vifaa mjini Eldoret akawapa namba ya Wepukhulu.

Anasema alidhani ni choo. "Nikauliza, mtakuwa wangapi kukitumia? Wakacheka mpaka wakakaa chini."

Alichokikuta huko hakikumchekesha. Mpiga picha, msichana anayeitwa Cynthia, alimpandisha kwenye ngazi ya mbao, akampa kamera atazame watu waliokuwa chini. Walikuwa vibarua kama yeye, wamekodiwa kuigiza raia. Kutoka juu walionekana kama siafu. Hakuona uso hata mmoja, aliona vichwa tu na mabega yaliyoinama.

Kisha Cynthia akamlaza chini kwenye nyasi, kamera ikatazama juu, akamwita mtu mmoja apite.

"Kamera ikiwa juu, mtu ni siafu," Cynthia alimwambia. "Ikiwa chini, mtu ni mnara. Sibadilishi mtu, mzee. Nabadilisha mahali unapolala wewe."

Mtu aliyepita alikuwa Kiprono. Mjini Eldoret, Kiprono huuza dawa ya kupe na chumvi ya ng'ombe. Ni mfupi, mpole, na akihesabu chenji huomba radhi. Lakini walikuwa wamemshonea koti la turubai la lori, wakalipaka rangi nyeusi ya viatu mpaka likang'aa kama ngozi ya kitu kilicho hai. Mabegani walijaza sponji la godoro. Chini ya buti waliongeza soli ya tairi, unene wa vidole viwili.

"Nilikuwa nimesalimiana naye asubuhi, akanipa ndizi," Wepukhulu anasema. "Sasa nimelala chini, naona koti limefunika mbingu. Nikashika nyasi. Nilikuwa najua ni Kiprono, na bado nilishika nyasi."

Askari wa Mkubwa walikuwa kumi na wawili. Walivaa makoti ya mvua meusi na kofia za boda boda zilizopakwa rangi, kioo cheusi kikiwa kimeshushwa. Hakuna aliyekuwa na bunduki. Mwelekezi wa filamu, Emmanuel, hakutaka bunduki. Alitaka wasimame tu.

"Mwenye nguvu ndiye peke yake anayetembea," Emmanuel aliwaambia, akipita mbele yao kama mwalimu wa gwaride. "Wengine wote ni mawe. Atakayesogea ameharibu kazi ya watu thelathini. Hata kama nyuki ameingia kwenye kofia, kaa naye humo humo!"

Wakacheka. Lakini walisikia.

Ubishi ulianza kwenye udongo. Wepukhulu alikuwa amechagua mahali pagumu, karibu na njia. Emmanuel akakataa. Saa kumi jioni jua lingekuwa nyuma ya kichwa cha Mkubwa mahali pamoja tu, na hapo ndipo alipotaka shimo. Zamani paling'olewa kisiki cha mti, pakajazwa udongo. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili.

"Nikamwambia, kijana, huu udongo umelazwa, haukuzaliwa hapa. Hauna mizizi. Akaniambia, mzee, bila jua pale nyuma, huyu ni mtu amevaa turubai."

Akachimba. Futi kumi na mbili, kuta wima, kwa sababu kamera ilitaka kuta wima.

Cynthia alishuka kwanza. Akagusa ukuta, akaomba kutolewa. Akasema kamera inaweza kuendeshwa kutoka juu, ila chini anatakiwa mtu wa kuiinua taratibu kwa mkono wakati Mkubwa anapokaribia. Watu wakatazamana. Wepukhulu akasema yeye atashuka, maana shimo ni lake.

Likabaki jambo la Mideva. Alikuwa amesimama ukingoni na kamba yake, kitambaa kichwani, sweta la kijani. Emmanuel akamwomba asogee atoke kwenye picha.

"Sitoki hapa," Mideva akajibu. "Bwana yangu yuko chini."

"Mama, nusu saa tu."

"Hata nusu dakika."

Waliopata suluhisho ni watu wa mavazi. Wakamvisha koti la mvua, gambuti na kofia yenye kioo cheusi. Sasa angeweza kubaki pale pale na kamba mkononi, awe askari wa kumi na tatu. Emmanuel akatazama kwenye skrini, akapiga makofi. Askari aliyeshika kamba ya mfungwa! Ilikuwa nzuri kuliko alivyopanga.

Kuvaa vile hakukumsumbua mtu yeyote. Kamba ilikuwa mkononi mwa yule yule.

Saa kumi na dakika chache, Wepukhulu akiwa chini, mikono kwenye kamera, alihisi kitu kama unga unapochekechwa kikimwangukia shingoni. Akagusa ukuta. Ulikuwa unatoa jasho. Juu, karibu na ukingo, aliona mstari mwembamba ambao haukuwepo mchana.

Akavuta kamba. Mara moja, ya pili, ya tatu.

"Nikatazama juu. Namwona askari. Hana uso. Kwa kile kioo naona mawingu yanapita. Nikavuta tena tatu. Kamba inakaza, najua ameshika, najua imemfikia. Hasogei."

Akapiga kelele, akamwita mkewe, Mama Nabwire. Juu walimsikia, lakini hadithi ilikuwa na mfungwa shimoni, na mfungwa hulia. Emmanuel alitabasamu. Alidhani mzee ameingia kwenye mchezo.

Buti zikaja polepole. Mkubwa hakimbii. Wepukhulu anasema alihesabu hatua, kwa sababu kila hatua ilimletea udongo. Koti likatokea, likafunika jua, mwanga ukalizunguka kichwa kama alivyotaka mwelekezi. Buti ikakanyaga ukingo.

Ukuta ukashuka wote.

Ulimfunika mpaka kifuani, kamera ikiwa imembana mbavuni. Juu, Kiprono alianguka kinyumenyume, koti likamlemea kama kobe aliyegeuzwa. Mideva ndiye aliyepiga yowe la kwanza. Kofia ilipomtoka kichwani, tayari alikuwa ananing'inia kwenye kamba kwa uzito wake wote. Wengine wakachimba kwa mikono na sufuria za jikoni. Ilichukua dakika ishirini na tano. Mbavu mbili zilikuwa zimevunjika.

Watu wa filamu walilipa hospitali, na Emmanuel alilala kwenye benchi ya nje siku mbili. Wepukhulu hasemi vibaya juu yake. Wiki ya nne Cynthia alifika Langas na picha ya video kwenye simu, kuuliza kama wanaruhusiwa kuitumia.

Wakaketi kitandani wote watatu wakatazama.

"Nimeona vitu vya kutisha maishani," Wepukhulu anasema. "Nimetoa maiti kisimani. Lakini ile picha! Mkubwa si kitu, ni Kiprono. Aliyenitisha ni yule wa pembeni na kamba. Inaonekana kamba ikivutwa mkononi mwake. Mkono unavutika hivi, hivi, hivi. Na yeye amenyooka tu."

Mideva alitoka nje kabla picha haijaisha. Wepukhulu akamwambia Cynthia hapana. Cynthia akaifuta mbele yake. Baadaye walirudia sehemu hiyo kwenye jukwaa la mbao, kamera ikiwa imelazwa chini ya mbao. Haikuhitaji shimo kabisa. Cynthia anasema inatisha vile vile.

Mideva huzungumza kwa sauti ndogo. Anapoulizwa juu ya siku hiyo, haachii mpini.

"Watu husema sikusikia kwa sababu ya kofia. Hapana. Nilisikia. Mkono ulisikia ya kwanza, ya pili, ya tatu." Anautazama mkono huo. "Nikiwa na zile nguo, nilikuwa kama zile nguo zimenivaa mimi. Nikasema kwa roho, acha Mkubwa apite kwanza. Apite, halafu nitamtoa. Kiprono! Mtu ananiuzia chumvi. Nikangoja apite."

Hajamwambia mumewe maneno hayo waziwazi mpaka leo. Anayasema sasa kwa mgeni mwenye daftari, huku mumewe akiwa hatua tatu mbele yake, amempa mgongo.

Mgongo haugeuki. Mama Nduta ameacha kusugua sufuria.

"Mimi nilidhani ulizimia," Wepukhulu anasema hatimaye, akiongea na shimo.

"Sikuzimia."

"Wiki saba nimekuwa nikijiambia alizimia akiwa amesimama."

"Sikuzimia, Baba Nabwire."

Kisha Mideva anafunga mpini kwa kigingi, anakuja mbele, anavua leso aliyojifunga kiunoni na kujifunga kamba mahali pake. Anakaza fundo mara mbili.

"Toka hapo. Leo nashuka mimi."

"Wewe?"

"Shika kamba."

"Weh! Mwanamke hashuki kisimani!" Mama Nduta anapaza sauti. "Maji yatakimbia!"

"Yamekimbia wapi, mama, na hayajafika?" Mideva anamjibu, na tayari mguu mmoja uko ndani.

Wepukhulu anasimama, mkono ukiwa umeshika mbavu. Anaenda kwenye gogo, anatoa kigingi, anaanza kumteremsha. Anayezungusha mpini haoni ndani. Anaona kamba tu, inavyozidi kuingia. Miaka kumi na saba amekuwa mtu wa chini, hajawahi kuijua nafasi hii ya juu.

"Uko?" anaita.

"Niko."

"Ukuta?"

"Umekauka."

Jembe linaanza kusikika, dogo, mbali. Muuza maji anapita na mkokoteni wake, anamsalimia. Macho ya Wepukhulu hayatoki kwenye kamba, na jasho linamtoka ingawa asubuhi ina baridi. Mpangaji mmoja anaomba kupita na karai. Anamwambia azunguke.

Kamba inavutwa. Mara moja, ya pili, ya tatu.

Hata mgeni anaiona. Wepukhulu ameshaanza kuzungusha kabla ya ile ya tatu kumalizika, mwili mzima juu ya mpini, mbavu zikimfanya atoe sauti kama ya mtu anayepigwa. Anazungusha bila kupumzika mpaka kichwa cha Mideva kinatokea, anamkamata mkono, anamburuta mpaka kwenye nyasi.

"Ni nini? Umeona nini?"

Mideva anahema. Ana udongo kwenye kope.

"Sijaona kitu."

"Na mbona umevuta?"

"Sijui. Nilisikia vile ulisikia siku ile."

Wanabaki wameketi chini, mabega yakigusana. Anasema mpango wake ni kukifikisha kisima hiki kwenye maji, kisha kununua pete za saruji za kushikilia kuta, asishuke tena kwenye udongo mtupu. Na kuanzia sasa watashuka kwa zamu, yeye na Mideva, ili kila mmoja aijue kamba kutoka pande zote mbili.

"Kesho nashuka mimi," anasema.

"Kesho ni Jumapili," Mideva anamkumbusha.

Wepukhulu anafikiri kidogo, akilitazama shimo.

"Basi Jumatatu. Lakini uvae lile sweta la kijani, nikitazama juu nikutambue."