Posa ya Binti Yetu

Binti yetu alipochumbiwa, mimi na baba yake tulikuwa tumeshaachana miaka mingi. Mimi nilifundisha shule ya msingi pale Morogoro mjini, yeye alifanya kazi kiwandani Mzinga. Hakunipiga wala hakuoa mke wa pili. Tulinuniana tu, mwezi kwa mwezi, mpaka akaandika talaka.

Asubuhi ya siku ya posa, binti aliniambia kwamba hakuwahi kuwaeleza wakwe zake watarajiwa kwamba tumeachana.

"Wanajua mko pamoja. Baba nimeshamwomba. Mama, leo tu."

Mikononi nilikuwa na ungo wa mchele. Nikaendelea kupeta.

Baba yake akaja na kanzu iliyokunjamana na kifurushi cha sukari. Sukari ilikuwa imeadimika. Alikuwa amepanga foleni duka la ushirika tangu alfajiri.

"Nilijua huna," akasema.

Kweli sikuwa nayo.

Wageni walitoka Mkuyuni, watu wazima watatu, wapole. Baba yake alikaa nao kama mwenye nyumba, akaniita "mama watoto", nami nikaitika kabla sijajizuia. Mzee mmoja akatutazama, akasema, "Mmedumu vizuri. Wafundisheni hawa watoto siri yenu."

Mwenzangu akasema, "Siri ni kunyamaza, mzee. Sisi tuliwahi kunyamaziana mwaka mzima."

Wageni wakacheka wakidhani ni utani. Na mimi nikacheka, kicheko kikanishinda, nikainama na kujifunika uso kwa kanga, machozi yananitoka. Nilipoinua kichwa, alikuwa ananitazama, naye hacheki.

Posa ilikubaliwa. Baada ya hapo akawa anakuja kila Jumapili, eti tupange mambo ya harusi. Kila Jumapili niliandaa maneno ya kumkataza, na kila alipobisha hodi niliitikia karibu. Nilijiona mjinga. Mwanamke wa umri wangu, wanafunzi wananiamkia shikamoo njia nzima, halafu nageuza chapati huku nikisikiliza nyayo za mtu aliyeniacha.

Siku moja akasema, "Turudiane."

"Tutanuniana tena."

"Huenda."

"Sasa kwa nini?"

"Sijui. Nimejaribu kutokuja, nimeshindwa."

Nilitamani aniahidi kitu, chochote, nipate pa kushika. Hakuahidi. Nami sikupata nguvu ya kumfukuza.

Ikabidi binti aende kuwaeleza wakwe ukweli, kwa sababu wazazi wake walikuwa wanafunga ndoa kabla yake. Alikasirika siku kadhaa. Wakwe, nasikia, walicheka sana.

Siku ya nikahi, shehe aliagiza niulizwe kama nimeridhia. Kaka yangu akaja chumbani kuniuliza. Nilikaa kimya, naogopa, mpaka akarudia swali. Nikasema nimeridhia. Sauti ilitoka ndogo, akaniomba niseme tena.