Povu la Ubatizo

Nichekeni tu, nimestahili. Natengeneza shampoo nyumbani Maisaka, na wateja wangu nimewaapia kwamba ni ya alovera tupu, haina ungaroli, ile dawa nzito ya kutoa povu. Uongo mtupu. Ungaroli ninayo, nimeificha kwenye kopo la mafuta ya mgando.

Jumapili iliyopita mwanangu Baraka alikuwa anabatizwa. Alfajiri umeme ulikatika, nikampaka mafuta kichwani gizani, harakaharaka, mpaka kichwa kikateleza. Nikajisifu.

Kanisani, tukiwa kwenye foleni ya ubatizo, nilimfuta udenda. Vidole vyangu vikatoa povu. Kumbe kule gizani nilichota kwenye kopo la ungaroli!

“Mama Neema, nipe mtoto mara moja,” nilimnong’oneza msimamizi wake wa ubatizo aliyempakata, ambaye pia ndiye mteja wangu mkubwa.

“Tulia, Mama Baraka. Zamu yetu hii.”

“Nimfute kichwa kidogo tu.”

“Kina nini? Mbona kinang’aa vizuri!”

Padri alimwaga maji mara ya kwanza, povu likachungulia. Mara ya pili likafunika nywele zote. Mara ya tatu lilianza kushuka usoni, na padri akabaki ameshika kikombe hewani. Waumini wakanyoosha shingo. Povu likafika kwenye nyusi za mwanangu.

“Mfuteni macho!” nilipiga kelele. “Ni ungaroli ya shampoo yangu!”

Mama Neema alimfuta kwa khanga, kisha akanigeukia, kipaza sauti cha padri kikiwa katikati yetu.

“Ungaroli ipi tena? Si uliniapia ni alovera tupu?”