Niliyekunywa Simu ya Rumonge

Miaka michache baada ya uhuru, ofisi yetu ya simu Bujumbura ilinituma Rumonge kwa sababu moja tu: nilikuwa na shahada. Nilitakiwa kuandika mpango wa kuziweka simu hai umeme unapokatika ufuoni kote. Betri nilizijua vizuri, vitabuni.

Asubuhi nilipanda lori la chumvi. Barabara ilifuata ziwa: vumbi upande huu, ndagala, dagaa wa kwetu, walioanikwa mchangani upande ule. Kufika kijiji cha Kizuka, ulimi wangu ulikuwa mkavu kuliko wao.

Saa nane niliingia posta ya Rumonge. Mama Hawa, mwunganishaji simu, alikuwa nje akinunua ndizi. Mezani palikuwa na chupa kubwa ya maji safi. Nikainywa yote.

"Amahoro, Bwana Universite!" alinikaribisha aliporudi na ndizi. Bintiye Zuhura alikuwa hospitalini Bujumbura na uchungu wa mimba ya kwanza. Mume wa Zuhura angepiga simu jioni.

Umeme ukakatika papo hapo. Mama Hawa hakushtuka.

"Betri iko chini, nguvu imeisha. Tunaongeza maji, tunapeleka kwa Mzee Saidi achaji." Akaitazama chupa, akanitazama mimi. "Maji ya mvua ya betri iko wapi?"

Nikashika tumbo.

"Yote? Ku universite hawakukufundishaka kuuliza?"

Maji ya ziwa huziharibu betri, na mvua ilikuwa mbali.

Saa tisa tulizifikisha betri kwa Mzee Saidi, mkamua mawese. Injini yake ya kukamulia ilizungusha pia dinamo ya lori, iliyochaji betri. Hivyo ndivyo simu ya Rumonge ilivyoishi gizani, bila mpango wa mtu yeyote wa Bujumbura. Lakini betri kavu hazichajiki.

"Sufuria iko, moto iko," alisema Mzee Saidi. "Mwenye shahada ashike kifuniko."

Maji ya ziwa yakachemka, nikakaa nikikinga mvuke kwa kifuniko, tone kwa tone, wanawake wa mawese wakinishangilia kila kikombe. Chupa ilipojaa, tukamimina maji ndani ya betri, injini ikanguruma. Tindikali ya betri ikanirukia, ikanitoboa suruali. Mzee Saidi akanivisha kikoi chake.

Jioni, betri zikiwa zimerudi posta, kengele ya simu ililia. Mama Hawa akasikiliza, kisha akapiga kigelegele hadi sokoni.

"Mutoto mwanamuke! Zuhura iko muzima!"

Kesho yake nilirudi Bujumbura na kikoi kiunoni na kopo la mawese mkononi. Mpango wangu ulikuwa mistari miwili: ofisi ipatane na kila mwenye injini ya mawese, na maji ya betri yafungiwe kabatini. Mstari wa tatu aliniongezea Mama Hawa, nao ndio pekee uliopitishwa bila mjadala: mgeni akifika, apewe chai kwanza.