Niliapa Kwamba Barua ya Msiba Haikuingia

Mimi ni mwongo, ndugu msomaji. Uongo nilioapia mbele ya wazee umewatenganisha dada na kaka waliotoka tumbo moja. Afadhali nianzie hapo, maana nikianza kwa kujitetea sitafika.

Ilikuwa miaka ile milango ya uchumi ilipofunguliwa na miradi ikawa inamiminika mpaka kwetu Handeni. Nilipata kazi katika ofisi ndogo ya mradi wa maji. Kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwa kusoma vitabu na kufungua mashine mbovu. Cheti sikuwa nacho. Ofisi ilikuwa na dishi lake la intaneti na seva yake ya barua pepe, na aliyeitunza seva hiyo ni mimi.

Barua taka zilitusumbua mno: matangazo ya dawa, bahati nasibu za Ulaya. Nikaweka kichujio cha aina ile inayofundishwa. Unakionyesha barua mbaya, kinashika maneno yake, na kikikutana nayo tena kinaitupa barua kapuni bila kumwambia mtu. Mkuu wa ofisi alinionya, "Kijaribu kwenye sanduku lako kwanza." Nilikiwasha kwa ofisi nzima siku hiyohiyo. Kiburi!

Sasa, tulikuwa na mtani wetu, dereva Mnyamwezi aliyezaliwa kambi ya mkonge, akifanya kazi tawi la Korogwe. Mnajua utani wetu Wazigua na Wanyamwezi: hata mazikoni mtani huingia kaburini akagoma kutoka mpaka apewe chochote. Yeye aliuhamishia kwenye barua pepe.

"TANZIA. Wazigua wa Handeni wamekufa wote kwa kugombea ukoko. Maziko baada ya adhuhuri. Kila maiti aje na sanda yake."

Kisha: "Msiba mkubwa! Fundi wa kompyuta asiye na cheti amefariki kwa kugusa waya wa redio. Kaburi ni fupi, akunje miguu."

Ofisi nzima ilicheka. Hiyo ya cheti ilinichoma. Nikaanza kukilisha kichujio barua zake, moja baada ya nyingine: hii taka, na hii taka. Kikajifunza vizuri mno. Msiba, maziko, kaburi, sanda, vyote vikawa taka!

Karani wetu, nimwite Mwanaidi, mama yake aliishi Mnyuzi, upande wa Korogwe, pamoja na mdogo wake wa kiume, nimwite Saidi. Mama akafariki ghafla alfajiri. Waya wa simu wa kuja Handeni ulikuwa umekatika, na simu za mkononi zilikuwa hazijatufikia. Saidi akakimbilia Korogwe mjini, kwenye duka la intaneti, akamwandikia dada yake kupitia ofisi: "Dada, tumepata msiba. Mama ametutoka. Maziko leo alasiri, tunakusubiri."

Mwanaidi alikuwa mezani kwake anatafuna karanga. Kule Mnyuzi walimsubiri mpaka jua likataka kuzama, wakazika.

Habari aliletewa kesho yake na kondakta wa basi, pamoja na lawama ya Saidi: mbona alimwandikia barua pepe asije? Nilisikia yowe lake uani. Nikafunga mlango, nikafungua kapu la taka. Barua ilikuwa humo, katikati ya bahati nasibu.

Ningetoka nikasema! Lakini mkataba wangu ulikuwa unaangaliwa upya. Nikaifuta. Nikafuta na kumbukumbu za seva.

Alinijia macho yamevimba. "Kaka, kweli haikuingia?"

"Mashine haidanganyi, Mwanaidi. Waulize ndugu zako kama walituma."

Tazameni ukatili huo! Sikutosheka kujificha, nilimpa na mtu wa kumlaumu.

Siku ya arobaini akaniomba nikawaeleze wajomba zake. Nikaenda. Tuliketi mkekani, Saidi akatoa nakala aliyochapiwa dukani. "Wajomba, tazameni tarehe. Tazameni na saa."

Mjomba mkubwa akanipa. "Haya, mtaalamu."

Niliichunguza polepole. "Mzee, saa ya kompyuta mtu huibadilisha atakavyo. Hii yaweza kuwa imeandikwa jana." Na ni kweli, saa hubadilishwa. Ndiyo maana waliniamini.

Saidi akanikazia macho. "Kaka, wewe ni mtu mzima. Waweza kuapa?"

"Wallahi haikuingia."

"Kumbe!" mjomba akamfokea. "Udongo wa mama yako haujakauka, umeshamficha dada yako ili ule shamba peke yako? Fisi we!"

Mwanaidi alimtemea mate miguuni. Saidi akakunja karatasi yake, akaitia mfukoni, na mwezi haukuisha akaihama Mnyuzi. Hadi leo hakuna salamu.

Mimi nilifungiwa jogoo wa shukrani. Nilimla!

Mradi ulikuja kufungwa, na mkataba wangu ukafa nao. Nikamfuata Mwanaidi Korogwe ya Zamani, anakouza vitenge, nikamweleza yote: kichujio, utani, kapu, kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu.

"Kaka, una roho nzuri. Unataka nimsamehe Saidi, ndiyo unajitwisha dhambi yake."

"Mwanaidi, ni mimi!"

"Basi nionyeshe hiyo barua."

Sikuwa na cha kuonyesha.

"Uliapa kwa jina la Mungu," akasema, huku akikunja kitenge. "Wewe si mtu wa kuapa uongo. Na yule usinitajie tena."

Saidi, kama unasoma haya popote ulipo: barua yako iliingia. Niliisoma mimi.

Na ninyi mnaoshika barua za watu, mkikosea semeni siku hiyohiyo, hata kama kazi itaondoka. Msifute kitu. Mimi sasa nasema kweli mchana kweupe, na yule niliyemdhulumu ananishukuru kwa wema wangu.