Mwanya Wangu Ulipoanza Kupanuka

Kitu kinachonuka nakijua. Nimeuza kanga Kariakoo miaka mingi, nimeona Mto Msimbazi ukifurika na kutapika kila kilichoshushwa vyooni, nimekanyaga matumbo ya samaki nikiwa na ndala mpya. Kwa hiyo harufu ile ilipoanza sikuhangaika kuitafuta. Nilimvaa muuza kuku wa nyuma ya meza zetu.

"Wewe, unachinja kuku au unafukua makaburi?"

"Bibi, leo sijachinja hata mmoja. Hebu nusa vizuri, isije ikawa unatoka nayo nyumbani."

Nilimpa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Lakini harufu haikuondoka. Ilikuwapo sokoni, ilikuwapo ndani ya basi la mwendokasi, ikanifuata hadi nyumbani kwangu Ilala. Nikijifunika kanga usoni nipate usingizi, kanga nayo inanuka.

Niwaeleze kwanza habari ya mwanya. Mungu alinipa mwanya katikati ya meno ya mbele, ya juu. Shule niliishia darasa la nne, lakini nikicheka mwanamume anasahau alichokuja kununua. Marehemu mume wangu alimwambia mshenga, mimi namtaka yule mwenye mwanya, wengine waacheni. Na ajabu yake, uzeeni mwanya ukazidi kupanuka. Zamani ulipitisha njiti ya kiberiti, sasa unakaribia kupitisha kidole cha mtoto. Wenzangu wanachakaa, mimi napendeza! Nilimringia hata jirani yangu wa meza, mama wa Kichaga anayeuza vitenge.

"Nyie wa mlimani mlipewa baridi, sie wa pwani tukapewa mwanya."

"Mtori wetu wa ndizi hauhitaji meno, bibi," alikuwa akinijibu, na kucheka.

Fizi zilikuwa zinatoka damu, hilo nalijua, siku nyingi tu. Nikipiga mswaki natema povu jekundu kama mla tambuu. Sasa mimi nimelelewa kwamba kidonda hakisuguliwi. Mtoto akichubuka goti unamwambia asiguse. Basi magego nayasugua kwelikweli, nikifika mbele nainua mswaki, nasukutua maji ya chumvi polepole, kama naosha kichanga. Niliona ndiyo kuutunza mwanya wangu.

Siku ya Idi ya kuchinja mjukuu wangu wa kike, yule anayesoma chuo, akanipiga picha na simu yake. Nikacheka meno yote nje. Akaivuta picha ikawa kubwa, halafu akanigeuzia simu.

"Bibi, hii nini?"

Nikavaa miwani. Fizi zilikuwa za zambarau, zimevimba kama maini ya kuku yaliyolala siku mbili. Meno yamezungukwa na ukoko wa kahawia, kama ule wa ndani ya birika. Na pembeni ya jino la kulia palikuwa na tone la njano.

"Futa hiyo picha."

"Nafuta. Ila kesho tunaenda kwa daktari."

"Meno yangu hayajaniuma hata siku moja!"

"Bibi, ukinisogelea nabana pumzi."

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani. Tulidhani ni swaumu. Swaumu imeisha, bibi."

Nilitamani ardhi inimeze. Watoto wananibania pumzi, nami nawakumbatia na kuwabusu!

Kliniki yenyewe iko mtaa wa Gerezani. Daktari ni binti mdogo, akaniamkia shikamoo vizuri, nikaitikia marahaba huku nimeziba mdomo. Akanilaza, akanishikisha kioo, akabonyeza fizi kwa kidole. Usaha ukachuruzika. Nilionja chumvi na yai viza. Nikajitahidi nisitapike, na kilichokuwa kikinichefua kimetoka kwangu mwenyewe.

"Huu mwanya ulikuwa hivi tangu ujana?"

"Ulikuwa mdogo. Unapanuka," nikasema, na bado nilisema kwa maringo.

"Mwanya haupanuki wenyewe, bibi. Meno yako yanaachana."

Akanieleza taratibu. Ukoga usipoondolewa unakuwa jiwe. Fizi inavimba, inabanduka kwenye jino, uchafu unaingia chini, na mfupa ulioshika jino unalika. Damu ile niliyoiogopa ilitoka kwa sababu ya uchafu. Nilipopaacha pasisuguliwe, nikawa naupalilia uchafu wenyewe.

"Mwanya wangu utabaki?"

"La kushoto tunaweza kuliokoa. La kulia," akaligusa, likacheza kama kigingi kwenye tope, "hili limeshaachia."

"Liache lidondoke lenyewe."

"Likikaa na usaha, litaharibu na jirani yake."

Nikafikiri kidogo. Mwanya unataka meno mawili, yeye ananiachia moja. Nikamwambia ng'oa, upesi, kabla sijashuka hapa kitandani.

Kwanza alinikwangua. Vipande vilidondoka kwenye bakuli, vya kahawia na vyeusi, kama vigae vya chungu kilichoungua. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwachekea navyo wateja. Halafu akaling'oa lile la kulia, wala halikumsumbua. Niliomba kuliona. Mzizi umevikwa utando wa kijivu. Nikalinusa. Harufu ni ile ile. Yule muuza kuku sijamwomba radhi mpaka leo, maana naye ana mdomo mrefu.

Nilifundishwa kupiga mswaki kama mtoto wa chekechea. Mswaki laini, unaulaza pale jino linapokutana na fizi, unazungusha kidogo kidogo, asubuhi na kabla ya kulala. Katikati ya meno napitisha uzi, na uzi ukitoka na mabaki ya nyama ya jana natamani kujikana. Siku za mwanzo damu ilikuja tele. Mkono ulitaka kukimbia kama ulivyozoea, nikaulazimisha. Wiki ya pili damu ikapungua. Mjukuu wangu sasa ananisogelea, ila bado ananusa kwanza. Akidhani simwoni, namwona.

Niliporudi kwa daktari aliniuliza, "Bibi, nikuwekee la bandia? Naweza kukuachia na kamwanya kidogo."

Nikamwambia asubiri. La kushoto, nikiligusa kwa ulimi, bado lilikuwa linatikisika.